Fundi Télesphore Anauliza Maji Yanafungwa Wapi

Saa moja asubuhi, siku ya Jumatatu, mzee Télesphore amelala kifudifudi nyuma ya nyumba moja ya Nguba, mtaa wa Bukavu, sikio lake likiwa juu ya bomba la chuma. Mkononi ana spana. Anagonga mara moja, anasikiliza. Anajivuta mbele kidogo, anagonga tena.

"Nyamaza kwanza, maman," anamwambia mwenye nyumba. "Tiyo inasema."

Tiyo ndiyo bomba, kwa midomo ya mafundi wa Bukavu. Mwenye nyumba, ambaye jiko lake limejaa maji machafu tangu Ijumaa, anasogea hatua moja nyuma. Pembeni kuna waya wa kuzibulia, mita kumi na tano, umekunjwa vizuri. Fundi mwingine angekuwa ameshausukuma ndani na kuomba chai. Télesphore hata hajaugusa. Anafuta udongo kwa kiganja mpaka tarakimu zinatokea kwenye kiungo cha bomba: 1936.

"Unaona? Iko na miaka makumi tano na mbili," anasema. "Sasa unijibu, maman. Nikiiacha hivi, utavumilia nayo mpaka lini? Na ikipasuka mimi nikiwa ndani na waya, mayi yanafungwa fasi gani? Nani eko karibu ya kuyafunga?"

"Lakini papa, si uingize tu huo waya!"

"Siingize."

Na kweli hauingizi, mpaka mama wa watu ametafuta ufunguo wa kisanduku kilicho chini ya ngazi, akaikuta koki kuu, na kumsimamisha mpishi wake hapo, mkono juu ya koki. Ndipo waya unaingia, taratibu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Saa mbili na robo maji machafu yanaondoka jikoni yakinguruma.

Hivyo ndivyo anavyofanya kazi tangu mwaka 1957. Kwanza anataka kujua umri wa bomba, halafu litadumu mpaka lini likiachwa lilivyo, halafu maji yanafungwa wapi. Akikosa majibu anabeba begi lake na kuondoka, hata kama mwenye nyumba ni mkubwa wa serikali. Ila wiki hii mambo yamegeuka. Alhamisi, bomba ni yeye mwenyewe.

Kwenye karatasi anaitwa Mwananchi Cirhuza; majina ya ubatizo yaliondolewa kwenye karatasi kwa amri ya serikali mwaka 1972. Lakini huko Kadutu, anakoishi na mkewe Virginie, ukimuulizia Mwananchi Cirhuza utazunguka mlima mpaka soli za viatu ziishe. Muulizie Papa Télesphore plombier, yaani fundi bomba, na hata mbuzi watakuonyesha njia. Wakubwa watusamehe, makala haya yatamwita kama majirani wanavyomwita.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mzee aliona damu chooni. Alikaa nayo kimya wiki mbili kwa aibu, kisha akamwambia binti yake Madeleine, mpiga chapa katika ofisi moja ya kanisa. Madeleine hakumaliza hata barua aliyokuwa anaipiga. Alimpeleka baba yake hospitali siku hiyohiyo. Choo kikapimwa, amiba wakaonekana, vidonge vikatolewa, damu ikakoma.

Mtu angesema yamekwisha. Hayakwisha, kwa sababu ya marehemu Ignace, kaka yake mkubwa, aliyefariki mwaka 1979 tumbo likiwa limevimba na kufunga kabisa, hata hewa haitoki. Waganga walisema ni uvimbe ndani ya utumbo mpana. Na Ignace naye alianza na damu kidogo, akapewa vidonge vya amiba, damu ikakoma.

Sasa Daktari Philémon, mganga wa magonjwa ya ndani katika hospitali anakotibiwa mzee, ameazimwa chombo na mwenzake wa Ubelgiji. Ni mpira mrefu, mnene kama kidole, wenye taa mbele na kioo cha kutazamia nyuma. Unaingizwa kwa njia ya haja kubwa, unatembea ndani ya utumbo mpana, na daktari anaona kuta zake moja kwa moja. Kipimo hicho kinaitwa koloskopi. Chombo kinakaa Bukavu siku kumi na mbili tu, na Jumamosi kinarudi kwao. Mzee amepewa nafasi Alhamisi asubuhi. Aende, au asiende?

"Waliponielezea, nilicheka," anasema, akikunja waya wake. "Nikasema: docteur, hiyo si waya yangu? Miye ninafanyaka hiyo koloskopi toka wakati wa Babeleji!" Kisha cheko linakatika. "Mais najua pia vile waya inafanyaka tiyo ya zamani."

Alijua kwa njia mbaya. Mwaka 1957 alikuwa msaidizi wa fundi mmoja Mbelgiji, kwenye jengo la kujifungulia akina mama. Bomba liliziba kwenye kona, na waya ukakataa kupita. Mkubwa wake akapiga kelele: "Pousse!" Sukuma! Naye akasukuma, maana wakati ule ulikuwa unasukuma ama unafukuzwa. Bomba likapasuka chini ya saruji, na hakuna aliyejua koki iko wapi. Siku tatu wazazi na vichanga vyao walichotewa maji ya ziwa kwa ndoo, na mchotaji alikuwa yeye.

"Ile tiyo ilikuwa imeziba kidogo tu," anasema. "Mayi yalikuwa yanapita polepole, mais yanapita. Njo siye tuliiua. Toka siku ile, waya ikikataa, ninarudi nyuma. Kurudi nyuma haiko haya."

Nyumbani, saa ya chakula cha mchana, Virginie hataki hata kulisikia jina la kipimo hicho. Amezaa na huyu mzee watoto tisa na hana mpango wa kumpeleka mahali akapasuliwe.

"Muzee anakula, analala, anapanda mulima," anasema, akigawa bugali. "Damu ilikwisha. Sasa munaenda kumutafutia nini mule ndani? Ukimwamsha aliyelala, utalala weye!"

"Maman, usipoziba ufa utajenga ukuta," Madeleine anajibu. Amekuja mbio kutoka ofisini, bado ana wino kwenye vidole. "Papa mukubwa Ignace mulimuacha vilevile, mukasema amepona. Leo eko wapi?"

Mithali mbili, zote za wahenga, zote za kweli, zinatazamana juu ya sahani ya sambaza, dagaa wa ziwa. Mzee anamtazama huyu, anamtazama yule, anatafuna. Mwandishi wa makala haya, aliyekwenda Kadutu kutafuta jibu moja safi la kuwapa wasomaji, anakiri kwamba siku hiyo alishuka mlima tumbo likiwa limeshiba na daftari likiwa limechanganyikiwa.

"Bote wawili banasema kweli," mzee alimwambia mlangoni. "Njo shida yenyewe. Kama mumoja angekuwa anasema bongo, anadanganya, ningelala usingizi."

Jumanne asubuhi yuko mbele ya meza ya Daktari Philémon, begi la kazi miguuni. Daktari ana miaka arobaini na moja, na ana tabia ya kukiri asichokijua, tabia ambayo haiwasumbui sana madaktari wengi.

"Faida yake ni hii, papa," anasema. "Nikiona kinyama kidogo kimeota ndani, kama kauyoga, ninakikata palepale, hakitakusumbua tena. Kinyama vile kinaweza kuchukua miaka kumi mbele ya kugeuka kansa. Hatari yake ni kwamba mpira unaweza kutoboa utumbo, ao damu ikatoka nyingi. Kule Ulaya wanasema ni mutu mumoja ao wawili mu elfu. Kwa wazee ni zaidi, na wazee wengi hawavumilii dawa ya kusafisha tumbo. Inakausha mwili, mutu anapata kizunguzungu, anaanguka. Tena kuna dawa ya usingizi, na moyo wa muzee si moyo wa kijana."

"Na hapa Bukavu, ni wangapi mu elfu?"

"Hapa hatujapima hata mia. Sina hesabu, papa. Ningekudanganya."

Mzee anavua kofia, anaivaa tena. "Ningekuwa baba yako, ungefanya nini?"

"Inategemea umri. Mutu wa miaka makumi sita na nane, ningesema tuangalie. Wa makumi saba na sita, damu imekwisha na hana maumivu, ningesema tumuache. Kile kinyama kinatembea polepole. Mutu anaweza kwenda na ugonjwa mwingine mbele kimufikie, na miye nitakuwa nimemutesa bure. Sasa weye uko na miaka ngapi?"

Hapo ndipo patamu. Kitambulisho cha mzee kinasema alizaliwa mwaka 1912, yaani ana miaka sabini na sita. Aliyeandika hivyo ni karani wa kazi za barabara, mwaka 1934, aliyemfungua mdomo na kumtazama meno kama mbuzi wa sokoni. Karani alikuwa anatafuta wanaume, si watoto, na kijana naye alikuwa anatafuta kazi, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Cheti cha ubatizo kinasema alibatizwa mwaka 1928 akiwa "mtoto wa miaka minane hivi". Hiyo inampa sitini na minane.

Jumapili iliyopita alikwenda Mudaka kumuuliza dada yake Eulalie, pekee aliyebaki wa kumzidi umri. Bibi Eulalie hakusita hata kidogo. "Ulizaliwa mwaka Wadachi na Babeleji walikuwa wanapigana kule Ruzizi," alimwambia. "Nilikubeba mugongoni, tukakimbia bunduki." Hiyo ni mwaka 1916 hivi, miaka sabini na miwili. Mzee alifurahi, akashukuru, akala maharage yake kwa raha. Walipokuwa wanaagana, Eulalie akamshika mkono na kuukunja uso. "Ao nilimubeba Ignace?" aliuliza.

Kwa hiyo ni sitini na minane, sabini na miwili, au sabini na sita. Aangaliwe, aachwe, au daktari akune kichwa.

"Tiyo iko na mwaka wake juu ya kiungo," mzee anamwambia daktari. "Miye hawakuniandika."

Daktari anacheka mpaka anaweka kalamu chini. Kisha anamwambia avue shati, alale kitandani. Anaweka kidole kimoja juu ya kifua cha mzee na kukigonga kwa kidole cha mkono wa pili. Anainamisha kichwa, anasikiliza. Anashuka kidogo, anagonga tena. Kifua, mbavu, tumbo lote.

Mzee anainua kichwa kutoka kwenye mto. "Ah, docteur! Na weye unagongaka?"

"Ninagonga, papa. Karatasi zinaweza kudanganya."

Tangu Jumatatu, hii ndiyo mara ya kwanza uso wa mzee kukunjuka. Maswali yanafuata. Amefikaje hapa? Kwa miguu kutoka Kadutu, na begi. Begi lina uzito gani? Daktari analiweka mwenyewe kwenye mizani ya wagonjwa: kilo kumi na nne. Na jioni analipandisha mlimani? Kila siku isipokuwa Jumapili. Anapumzika mara ngapi njiani?

"Mara moja. Kuna mama anauzisha makala, makaa ya kupikia, pale kwa kona. Nikipita bila kumusalimu ananuna."

Daktari anaandika kwenye faili. Mahali palipoandikwa "umri" ameandika hivi, na mwandishi aliruhusiwa kusoma: "Anapanda Kadutu na kilo 14, anasimama mara moja kwa salamu."

"Sauti yako iko nzuri, papa," anasema. "Miye ningeangalia. Lakini siwezi kukusukuma."

"Bon," mzee anasema, akifunga vifungo vya shati polepole. "Sasa nambie. Ikipasuka, mayi yanafungwa fasi gani? Nani eko karibu?"

Utumbo ukitoboka, mgonjwa hana budi kupasuliwa upesi ili ushonwe, la sivyo uchafu unamwagika tumboni na kumuua. Mwenye kupasua katika hospitali hii ni mmoja, Daktari Jean-Marie. Na Daktari Jean-Marie ana tiketi ya ndege ya kwenda Kinshasa kesho, Jumatano.

Kwenye orodha ya Alhamisi kuna wazee sita. Wote wamesikia habari ya mpira, wote wamekubali ama watoto wao wamekubali kwa niaba yao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali hilo.

"Miye mwenyewe sikujiuliza," Daktari Philémon anasema kwa sauti ndogo. "Nilihesabu siku za chombo, sikuhesabu siku za mutu." Anainuka, anavuka uwanja karibu akikimbia, koti jeupe likipepea nyuma.

Anakaa huko dakika arobaini. Mzee anautazama ule mpira uliokunjwa ndani ya kabati la kioo. Anausifu, anasema aliyeutengeneza ana akili. Kisha anamgeukia mwandishi.

"Nikuambie ukweli? Ninaomba huyo wa kupasua akatae. Akikataa, nitarudi kwangu na hakuna atanilaumu, si Virginie, si Madeleine."

Daktari anarudi akitokwa jasho. Daktari Jean-Marie amekubali kusafiri Ijumaa. Alhamisi nzima atakuwa ndani ya nyumba, na vyombo vyake vitachemshwa tangu alfajiri. "Swali lako limejibiwa, papa," anasema kwa furaha.

Mzee anamshukuru kwa heshima zote. Huko nje, kwenye ngazi, anakaa chini ghafla. "Sasa nimekosa fasi ya kujificha," anasema. "Mwenye nyumba akinijibu maswali, ninaingizaka waya. Sijakataa hata siku moja. Nitakataa namna gani leo?"

Tangu mchana huo haruhusiwi bugali, maharage wala sombe, yaani kisamvu. Chai nyepesi tu, na supu iliyochujwa. Habari zinazunguka Kadutu kwamba Papa Télesphore anaingia hospitali, na kama ilivyo desturi, majirani wanaanza kuleta vyakula. Mgonjwa anayekataa sahani ya jirani ni kama ameshaaga dunia. Watu wataanza kulia mapema. Virginie, yuleyule asiyetaka kipimo, anasimama mlangoni kama askari. Anapokea sahani kwa mikono miwili, anashukuru, anaingia ndani, na kuwagawia wajukuu. Sahani zinarudi zikiwa safi, na majirani wanaridhika kwamba mzee bado anapenda maisha.

Jumatano anakunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita mbili chungu, na katikati maji yenye sukari na chumvi kidogo ili asikauke. Choo kiko nyuma ya nyumba, chini ya ngazi kumi na moja za udongo. Safari ya tano miguu inamlegea, na Virginie anamdaka kiunoni kabla hajabingirika. Wanakaa wote wawili kwenye ngazi, wakihema.

"Leo miye njo tiyo," mzee anasema, akijaribu kucheka.

Virginie hacheki. Analia waziwazi, bila kujifunika. "Ninaogopa, Télesphore. Ignace alikufa sababu hawakumuangalia. Weye ukifa sababu wamekuangalia, nitamulaumu nani? Nitasema nilikuacha uende!"

"Sijue, Virginie. Kweli sijue."

Wapo watakaosema mzee huyu ni mwoga. Waje wao wanywe zile lita mbili, halafu tuzungumze.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, jenereta ya hospitali inanguruma kwa sababu umeme umekatika tena. Kwenye korido, Daktari Jean-Marie ameketi kwenye kiti cha mbao na nguo zake za kijani, anasoma gazeti. Télesphore, amevaa gauni la hospitali lililofungwa vibaya mgongoni, anamwendea moja kwa moja na kumpa mkono.

"Weye njo robine?"

Daktari Jean-Marie anaelewa kwamba robine ni koki, ameshaelezwa. Anasimama. "Ndiyo, papa. Niko hapa. Siondoke."

Mlangoni mzee anamshika Daktari Philémon kiwiko. "Ikikataa, usisukume," anamwambia. "Hata mutu akupigie kelele."

Virginie na Madeleine wanakaa kwenye benchi, rozari moja mikononi mwao, mmoja akishika mwanzo na mwingine mwisho. Dakika hamsini zinapita. Daktari Jean-Marie hajafungua ukurasa wa pili wa gazeti.

Daktari Philémon anatoka, barakoa shingoni. Mzee ni mzima, analala. Ameona kinyama kimoja, kama punje ya mahindi, amekikata, na damu haikutoka nyingi. Kipande kitapelekwa Kinshasa kuchunguzwa, na jibu litachukua miezi miwili. Ameona zaidi ya nusu ya utumbo mpana, na sehemu hiyo ni safi.

"Na nusu ingine?" Madeleine anauliza.

"Kuna kona moja, mpira ulikataa. Nilijaribu kidogo, akaguna ndani ya usingizi. Nikarudi nyuma. Kupita ile kona sikuweza kuona."

"Basi papa ni muzima?"

"Sehemu niliyoona, ndiyo."

"Kwa hiyo alikuwa mugonjwa?" Virginie anauliza.

"Kile kinyama kingeweza kuwa kitu, maman, ao kisiwe kitu. Sijui bado."

Mama na binti wanatazamana. "Niliwaambia kulikuwa na ufa," anasema Madeleine. "Na miye niliwaambia mumuache," anasema Virginie, "mbona docteur mwenyewe amerudi nyuma?" Kila mmoja ameshinda, na kila mmoja anapangusa machozi. Daktari Jean-Marie anakunja gazeti lake, anapumua, na kwenda kumngoja mzee anayefuata.

Mzee anapoamka, hana haja na habari ya kinyama. Anamwita daktari karibu. "Ilikataa?"

"Ilikataa, mu kona."

"Na weye?"

"Nikarudi."

Anafumba macho, na tabasamu linabaki usoni. "Huyu ni fundi," anamwambia Virginie.

Siku tisa baadaye, Jumamosi, ni Salongo, siku ya kazi ya pamoja, na watu wa mtaa wamekusanyika na majembe kwenye bomba la maji la jumuiya, lile lililovunjwa na maporomoko ya mvua za mwezi wa nne. Télesphore ameshusha begi lake. Safari hii limebebwa na Madeleine, kwa amri ya daktari, na mzee amenung'unika njia nzima. Bomba jipya limefungwa. Kabla halijafukiwa anachukua patasi na nyundo, na kwenye kiungo anachonga tarakimu nne, taratibu: 1988.

"Atakayekuja kugonga hapa asipate shida kama docteur wangu," anasema.

Anaulizwa kama sasa amejua hali yake. Anatikisa kichwa. "Nusu iko safi. Ile ingine anaijua Nyamuzinda, Mungu mwenyewe. Docteur amesema damu ikirudi nirudi mbio, na kama hairudi nipande mulima wangu. Jibu la Kinshasa halijafika. Niko mugonjwa, niko muzima, sijue. Wakati ingine ninaamka asubuhi nasema vizuri niliangaliwa, na mangaribi ninasema kwa nini niliangaliwa. Mais kitu kimoja ninajua, na ninataka nikimalize mbele ya kuchoka."

Anawaita akina mama wenye ndoo. Anawapeleka hatua ishirini juu ya njia, anainua bamba la chuma, na kuwaonyesha koki. Anataka kila nyumba ya mtaa huu, nyumba thelathini na nne, iwe na mtu mmoja aliyeifunga koki hii kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye atafanya hivyo kwenye mitaa mingine ya Kadutu, koki moja baada ya nyingine, kila Jumamosi Mungu atakayompa.

"Siku moja tiyo itapasuka na miye sitakuwa," anasema. "Musitafute Télesphore. Mutafute hapa."

Akina mama wanasitasita, wanacheka, wanasukumana. Hakuna anayetaka kuanza. Virginie anaweka ndoo yake chini, anapiga magoti kwenye tope, anashika koki kwa mikono miwili na kuizungusha. Inakataa. Anataka kuongeza nguvu, anamtazama mumewe, anairudisha nyuma kidogo, kisha anajaribu tena polepole. Kule chini, maji yanaacha kutoka.

"Njo hivyo," mzee anasema. "Sasa fungula."